Kuihamisha Harusi ya Nassra

Jumamosi, 8 Februari 2025

Assalaamu alaykum, shoga yangu Kidawa. U hali gani huko Uroa? Miguu imepungua kuvimba? Watoto hawajambo? Sisi huku Kiponda wazima, alhamdulillahi, isipokuwa laptop.

Tangu simu yako ilipotumbukia majini ukiwa kwenye mwani, sina pa kusemea. Kwa hiyo nakuandikia humu daftarini kila siku, kisha nitampa mtu akuletee. Usimsomee yeyote. Hasa mwanamume.

Habari yenyewe ni hii. Laptop yangu ya zamani inakata roho. Unaijua, ile niliyoanzia kazi ya kupiga video kwenye sherehe za harusi za wanawake. Mfuniko nimeufunga kwa mtandio. Bila ya chaja haipumui. Mwanangu Sabri, Mungu ambariki, ameniletea mpya kutoka Maskati. Nyembamba kama sinia! Niliisomea Ayatul Kursiy kwanza, ndipo nikaiwasha.

Kazi ni moja tu: kuvitoa vilivyomo kwenye ya zamani na kuvitia kwenye mpya. Harusi zangu zote zimo. Ya mwisho, ya Nassra wa Bi Ulfat, bado hata haijawafikia wenyewe. Nassra anaondoka na mumewe Jumamosi ijayo kwenda Maskati, na hajui atarudi lini. Bi Ulfat amesema mwanawe hapandi ndege bila ya harusi yake. Nikamwambia inshallah. Akasema inshallah yangu anaijua, yeye anataka flashi.

Tatizo unalijua. Siku ya kupamba wanawake wanavua mabuibui. Nywele nje, mikono nje, wanacheza wanavyotaka. Nimewaahidi wote, tangu nilipoanza, kwamba jicho la mwanamume halitatua kwenye picha zangu. Ndiyo sababu wananiita mimi. Na mafundi wa kompyuta ninaowajua hapa mjini wote ni wanaume.

Yupo Nadhira wa Malindi, anayefanya kazi kama yangu. Kasikia. Kanitumia salamu kwamba yeye kuhamisha anajua, nimpelekee. Nimemshukuru. Siendi! Mwaka jana aliwaambia watu wa Vuga kwamba picha zangu zina ukungu. Ule haukuwa ukungu. Ulikuwa moshi wa udi.

Jumapili, 9 Februari

Nimenunua waya Darajani. Mwenye duka aliniapia kuwa unaunganisha chochote na chochote. Nikauchomeka huku na huku. Laptop mbili zikatazamana kama wachumba siku ya posa. Hakuna iliyosema kitu.

Mpango wa pili. Nikaiwasha harusi ya Nassra kwenye ya zamani, nikaielekezea kamera ya ile mpya, nikaanza kuipiga video ile video. Nikajisifu moyoni, kisha nikaleta astaghfirullah. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mahfoudh, mume wangu, alipokuja mlangoni kuuliza sukari iko wapi. Nikazirushia zote mbili kanga.

Baadaye nikatazama nilichopata. Nassra kawa kijani. Feni inasikika, adhana ya Adhuhuri inasikika, na Mahfoudh anauliza sukari mara tatu. Nimefuta. Bibi harusi hawezi kuingia ukumbini huku mtu anatafuta sukari.

Jumatatu, 10 Februari

Akili imenijia baada ya sala ya Alfajiri, na akili ya saa hizo huwa ya kheri. Nitakwenda kwa fundi. Lakini kabla ya kwenda, mafaili yote nitayapa majina ambayo mwanamume hatashawishika kuyafungua.

Kwanza nilifikiri "Mapishi". Lakini wanaume wenye njaa wapo. Kisha nikapata. Mawaidha! Kila mwanamume anayaheshimu mawaidha, na hakuna anayeyafungua akiwa kazini. Nikakaa kitako nikabadilisha moja moja. Harusi yangu ya mwanzo ikawa Mawaidha ya Kwanza, ikafuata ya Pili, mpaka ya Nassra ikawa Mawaidha ya Ishirini. Si uongo. Nani amewahi kwenda harusini akarudi bila ya funzo?

Nikaenda kwa fundi Makungu, yule mpole, jirani na muuza ubani. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa kila faili lina kijipicha chake mbele. Kidogo, lakini mwanamke anaonekana. Nikaitandika laptop kanga upesi. Makungu akauliza atafanyaje kazi chini ya kanga. Nikamwambia afadhali ageukie ukutani anielekeze kwa mdomo, mimi nitabonyeza. Akauliza mawaidha haya yana nini hata yasitazamwe. Nikasema yana uzito.

Maskini ya Mungu, akageuza kiti. Akawa anauambia ukuta: bonyeza kulia. Kulia kwangu au kwako, fundi? Kwako, mama, mimi naona chokaa tu. Wapita njia wakasimama. Mmoja akauliza kama Makungu anasomewa. Mwengine akasema muacheni, pepo wa kompyuta hapandi kichwani upesi.

Ikafika pahala pa kuchagua. Makungu alisema ninakili, yaani mafaili yaende kwenye flashi na kule yabaki. Lakini pembeni niliona neno jengine, la kukata. Nikafikiri. Mtu akihama nyumba huyaacha makochi yake kule alikotoka? Tena yakibaki kwenye ile ya zamani, siku moja itaangukia mikononi mwa mtu. Nikakata. Sikumwambia. Yeye alikuwa na ukuta wake.

Mafaili yote yameingia kwenye flashi. Kwenye laptop ya zamani hakuna hata bibi harusi mmoja. Nimerudi nyumbani mwepesi kama nimetoka kuhiji.

Jumanne, 11 Februari

Mahfoudh kasema naye ana vyake kwenye laptop ya zamani, nimhamishie. Yeye ni katibu wa kamati ya msikiti. Ana mawaidha ya sheikh mmoja, thelathini, moja kwa kila siku ya Ramadhani. Alhamisi baada ya Laasiri kamati itaonyesha baadhi yake kwenye televisheni ya ukumbi wa madrasa, watu waanze kujitayarisha na mwezi.

Kazi sasa naijua, sikumsumbua Makungu. Nikayachukua mawaidha ya Mahfoudh nikayapeleka kwenye flashi ile ile. Laptop ikanisimamisha. Ikasema faili lenye jina hili tayari lipo, je, niliondoe niweke hili? Nikatazama vizuri. Limeandikwa Mawaidha ya Kwanza. Kidawa, mtu akuulize jambo la mawaidha, utamjibu hapana? Nikajibu ndiyo. Ikauliza la pili. Ndiyo. Mwisho ikanipa njia ya kujibu ndiyo kwa yote kwa mpigo. Nikaona hata mashine imeshaelewa niko upande gani.

Jumatano, 12 Februari

Nimeyatia yote kwenye laptop mpya. Hakuna kelele, hakuna waya. Mawaidha ya Kwanza mpaka ya Thelathini, yamejipanga. Niliona mstari mmoja tu wa mawaidha, si miwili, nikashangaa kidogo. Kisha nikasema laptop mpya ina nafasi, bila ya shaka imeyapanga mengine nyuma. Kufungua sikufungua. Mahfoudh alikuwa kakaa ubavuni mwangu anasubiri yake.

Yeye kayatia yake kwenye flashi ya kamati. Mimi nikachukua flashi nyengine, nikatia Mawaidha ya Ishirini, nikaifukiza udi, nikaifunga utepe mwekundu, nikampelekea Bi Ulfat. Kafurahi! Kasema kesho baada ya Laasiri anakusanya wanawake waitazame, na mimi nije nikae mbele.

Nikiwa narudi nikakutana na Nadhira sokoni. Akaniuliza vipi uhamisho. Nikamwambia kuna watu Mungu kawapa kamera na kuna watu kawapa akili. Akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Alhamisi, 13 Februari

Kidawa!

Nimekwenda kwa Bi Ulfat. Jamaa wote wa kike wapo, na mama mkwe wa Nassra yupo. Milango imefungwa, wanaume wametolewa, hata paka dume katolewa. Mabuibui yametundikwa. Halua, kahawa, visheti. Bi Ulfat mwenyewe kavaa gauni alilovaa siku ile ya kupamba, ili watu walinganishe. Flashi ikachomekwa kwenye televisheni. Vigelegele vikaanza kabla ya picha.

Akatokea sheikh.

Ndevu nyeupe, kanzu, kajaa kioo kizima. Akatoa salamu. Wanawake wote wakakimbilia mabuibui! Mmoja kajitupia kitambaa cha meza, visheti vikaruka. Mama mkwe kajibanza nyuma ya mlango anauliza kama keshaondoka. Nikawaambia jamani, sheikh hatuoni. Hakuna aliyenisikiliza. Bi Ulfat akataka kuzima. Shangazi yake akamaka: haizimwi! Keshaleta Bismillahi, mtu wa dini anakatwaje maneno? Hebu kaeni chini.

Tukakaa. Tumejifunika mpaka machoni, tunasikiliza. Mada ilikuwa israfu kwenye harusi. Akataja vyakula vinavyomwagwa. Akataja magauni yanayovaliwa siku moja. Bi Ulfat, na gauni lake chini ya buibui, hakuwa akimtazama sheikh. Alikuwa akinitazama mimi.

Mimi akili yangu ilishaondoka. Kama sheikh kaja huku, basi Nassra kaenda wapi? Si kwenye flashi ya kamati! Na saa hizo wanaume wa mtaa mzima wako ukumbini, televisheni imewashwa. Nikasema nakwenda kutawadha. Nikatoka mbio, kiatu kimoja changu, kimoja sijui cha nani.

Sanduku la umeme la madrasa liko nje, kichochoroni. Sikufikiri mara mbili. Nikaishusha swichi kubwa. Feni zikasimama, nikasikia wanaume kwa pamoja: aaah! Aah hiyo ikazidi kunitia hofu. Ilikuwa ya joto, au ya watu waliokatizwa raha yao?

Mahfoudh karudi nyumbani kanuna. Kasema umeme umezimika na watu wote wamemgeukia yeye, kwa sababu yeye ndiye wa kununua yuniti na aliapa kuwa zimo. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, kwani mlikuwa mnatazama nini? Akanishangaa. Kasema wanatazama nini tena, si sheikh, tena alikuwa kafika pazuri.

Alhamdulillahi! Nikaenda chumbani nikasujudu sijida ya shukrani. Nikiwa bado kipaji cha uso kiko chini, likanijia. Sheikh yuko kule. Sheikh yuko huku. Nassra yuko wapi?

Nimefungua laptop mpya. La Ishirini, sheikh. La Kumi, sheikh. La Kwanza, sheikh, tena anatabasamu. Nimefungua ya zamani. Tupu. Nilikata mwenyewe.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi Bi Ulfat kanitumia ujumbe. Neno moja: Kesho.

Habari imeshazunguka. Muuza mboga kaniita ustadhat na kunichagulia mchicha mzuri.

Nimekwenda kwa Makungu, nimemwambia ukweli, ila sehemu ya swichi sikuifikia. Kaeleza taratibu. Nilipojibu ndiyo, kila faili la sheikh lilimkalia bibi harusi mmoja mpaka likammaliza. Lakini kwenye laptop ya zamani, kilichokatwa hakipotei siku hiyo hiyo. Kinakuwa hakionekani tu, mpaka kiwekewe kitu kipya juu yake. Kuna namna ya kukitoa. Ila yatatoka bila ya majina, na lazima mtu ayafungue moja moja atazame ni nini.

Nikamuuliza kama hawezi kufungwa kitambaa machoni. Akasema mama, ukuta nilikubali, kitambaa hapana. Akasema: kwani kwa Bi Nadhira kuna nini? Mwanamke mwenzio, na kufufua mafaili anajua kuliko mimi.

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri mpaka nje ya mlango. Nikamuona Nassra amekaa Maskati kwa watu, hana hata picha ya mama yake akimchezea. Nikashika njia ya Malindi.

Nadhira alifungua mlango akaniangalia juu mpaka chini. Karibu ustadhat, leo tunasoma nini? Nikasema punguza maneno, mdogo wangu, laptop hii hapa. Akasema da Kazija, ule ukungu wako naona safari hii umetanda kisawasawa. Nikameza. Akafunga mlango, akaichukua laptop kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa, akaanza.

Yalitoka mchana kutwa, moja moja. Tukakaa mimi na yeye kwenye mkeka, tunafungua, tunamtambua bibi harusi, tunaandika jina. Huyu kapata pacha. Huyu kaachika, kaolewa tena, hajambo. Kwenye mojawapo akaonekana marehemu mama yangu mstari wa mbele, na upepeo wake. Nadhira akaisimamisha picha, akainuka, akaniletea chai. Tulipomaliza chai tukaendelea.

Kwenye nyengine kaonekana Nadhira mwenyewe, ujana wake, anatia sambusa kwenye mkoba. Moja, ya pili, ya tatu. Kaniomba niifute. Nikasema nitalifikiria.

Nassra alitoka wa mwisho, kabla ya Magharibi. Mzima, rangi zake zote. Nililia kidogo. Nadhira hakutaka malipo. Alitaka jambo moja tu, nimwambie Bi Ulfat ni nani aliyeiokoa. Nikamuahidi, kwa dhati ya moyo.

Jumamosi, 15 Februari

Nimepeleka flashi asubuhi, masanduku yako mlangoni. Safari hii Bi Ulfat alitaka kuiona kwanza, na wote wakakaa na mabuibui yao, wasije wakagundulika tena. Akatokea Nassra. Nassra akajiona, akalia. Mama yake akaonekana anamchezea, akalia naye. Walishikana hivyo mpaka dereva akapiga honi. Nikamshukuru Mungu, kwa kweli. Mtoto kaondoka na chake.

Mlangoni Bi Ulfat akaniuliza imepatikana vipi. Nikaikumbuka ahadi. Mdomo ukafunguka. Nikasema imepatikana kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Na Nadhira ni katika rehema hizo, kwa hiyo nimemtaja.

Sasa laptop mpya. Harusi zote zimo ndani, na majina yake halisi. Mambo ya kubandika majina ya uongo nimeacha, yana fitina. Nimeweka kitu madhubuti: neno la siri. Asiyelijua haingii. Makungu kaniambia niweke na nakala pahala pengine. Nakala ya nini tena, ije ichanganyike na mawaidha? Flashi nshaifuta. Ya zamani nayo nshampa Makungu aivunje avipate vipuri, na nilisimama mpaka akaivunja kweli.

Neno lenyewe limenijia baada ya Laasiri, ghafla, kama nimeteremshiwa. Jina la mtoto kila mtu analijua. Jina la mume, mume mwenyewe analijua. Nikatafuta jina ambalo hakuna mwanamume duniani anayelijua, nikakumbuka somo wako, Kidawa, yule mama aliyekufunda ulipoolewa. Mambo ya ndani yale, hata mumeo hakuwahi kumuona. Nikaliandika jina lake. Pengine popote sikuliweka, kuandika karatasini ni kujiuza.

Jumatatu, 17 Februari

Mama mkwe wa Nassra kaniomba nakala, anasema hakuona vizuri nyuma ya mlango. Na Mahfoudh anataka mawaidha yake. Nikaiwasha laptop. Ikaniuliza neno.

Sura yake naiona. Jino la dhahabu naliona. Alivyotufukuza tukichungulia dirishani, namsikia. Jina, hapana! Nimejaribu Bi Zume. Siye. Bi Mwanahawa. Siye. Bi Mgeni. Laptop imeniambia nisubiri kabla ya kujaribu tena.

Lakini ukitazama, kazi imefanya. Hakuna mwanamume anayelijua neno lile. Kwa Nadhira siendi, atauliza habari za rehema.

Daftari hili anakuletea Maryam, binti wa jirani, anakuja huko leo. Jina la somo wako usiliandike, mnong'oneze sikioni. Nisalimie watoto na mumeo. Ila mzee wa watu huyo usimwambie kitu.

Tafadhali nijibu upesi.